Kwa mnaoanza kazi kwenye bandari za ziwa

Wadogo zangu mlioajiriwa karibuni katika bandari za Ziwa Victoria, naandika kwa sababu juzi nimeona tena mabehewa ya treni yakisogezwa gatini, tayari kuingizwa kwenye reli za sitaha ya meli, bila mpango wa upakiaji, na mliokuwa zamu mkanijibu kwamba jumla ya tani haikuzidi uwezo wa meli. Jibu hilo tulilisikia zamani, na lilitugharimu sana.

1. Jumla ya tani ni mwanzo tu wa hesabu. Katika bandari moja ya ziwa hili, miaka kadhaa iliyopita, mabehewa ya saruji na mbolea yalifika kwa kuchelewa, yakiwa yameunganishwa mazito mbele na matupu nyuma. Nahodha alitaka kuondoka kabla ya upepo wa alasiri, mawakala wa forodha walikuwa wanapiga simu bila kukoma, na msimamizi wa zamu akaamua kuyasukuma ndani kama yalivyo badala ya kuyarudisha uwanjani yakapangwe upya, kazi ambayo ingechukua muda mfupi tu. Mazito yote yakaingia kwenye reli ya upande wa kushoto. Meli ikaanza kulalia upande huo taratibu, kiasi kwamba aliyesimama sitahani hakutambua. Lakini sisi tuliokuwa gatini tuliliona daraja la kupakilia likijipinda, kona yake moja ikiinuka na nyingine ikizama, hadi gurudumu la behewa lililokuwa katikati lilipopanda juu ya reli na kutua pembeni kwa kishindo. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo nashukuru hadi leo. Behewa lile lilifunga mlango wa meli usiku kucha. Jenereta za meli zikaendelea kunguruma, kichwa cha treni kikabaki kinawaka kikingojea, na asubuhi wenye shehena wawili wakatuma malori kuchukua mizigo iliyokuwa bado uwanjani. Wateja hao hawakurudi tena kwetu kwa muda mrefu. Kwa hiyo pakieni kwa kubadilishana pande, kushoto kisha kulia, na mhakikishe afisa wa meli yuko kwenye matangi ya maji ya kusawazisha kabla behewa la kwanza halijasogea.

2. Jueni kwa nini tunahangaika. MV Umoja, meli ya kubeba mabehewa ambayo mwaka 2018 ilirejea katika safari za Mwanza na Port Bell nchini Uganda, ina uwezo wa kubeba tani zipatazo 1,200, yaani mzigo wa malori kama arobaini ambayo vinginevyo yangekwenda kwa barabara ya Mutukula yakichoma dizeli, kuchakaza lami na kupanga foleni mpakani. Maji hubeba uzito mkubwa kwa nguvu ndogo, na hiyo ndiyo faida yetu kwa mazingira. Lakini faida hiyo hupatikana endapo meli imejaa, na inapungua kila saa ambayo injini za gatini zinaunguruma bure. Meli inayokwenda imejaa na kurudi tupu inagawanya mafuta ya safari mbili kwa shehena ya safari moja. Mtu wa ofisini anayetafuta kahawa ya kurudi nayo kutoka Uganda anaokoa mafuta sawasawa na fundi anayerekebisha injini, na ningependa vijana wa masoko waheshimiwe hivyo.

3. Kina cha maji kisomwe kwenye kipimo cha leo. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kuvunja rekodi na kufunika baadhi ya magati; anayepanga shehena kwa karatasi ya msimu uliopita anakisia.

4. Uzito ulioandikwa kwenye hati upimwe. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imepakia kupita kiasi, na katika jambo hili sina subira na yeyote anayeniambia kwamba mteja ni mwaminifu.

5. Reli mpya haitaondoa kazi hii. Reli za sitahani zina upana wa milimita 1,000 na SGR, yaani reli mpya ya kisasa, ina milimita 1,435, kwa hiyo behewa la SGR halitaingia katika meli tulizonazo. Shehena itahamishwa kwa kreni, kontena kwa kontena, na muda wa kuhamisha ndio utakaoamua kama mwenye mzigo atachagua ziwa au lori. Ombeni kupelekwa Isaka mkakae na waendesha kreni wa bandari kavu, yaani kituo cha mizigo cha nchi kavu, ambao wamezoea kutoa mizigo kwenye behewa na kuipakia kwenye malori ya Rwanda na Burundi. Muulizeni mpangaji wa uwanja anajuaje kontena ipi iwe juu kabla treni haijafika, kisha mje mtufundishe na sisi.