Kata mkia wa barua pepe kabla ya kujibu

Mwaka juzi, kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji ninakofanya kazi, tulichapa kalenda 300 za mteja aliyetaka 500. Mteja alikuwa ametuandikia mapema kwamba ameongeza idadi. Nikamjibu "Sawa, tumepokea" juu kabisa, nikampelekea fundi wa mashine barua ile ile. Chini ya jibu langu kulikuwa na mkia wa mazungumzo ya wiki tatu. Ile 500 ilizama katikati ya aya ndefu. "Idadi: 300" ilisimama peke yake kwenye mstari, tena mara nne. Fundi alisoma alichokiona. Zile 200 tulizichapa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi mzigo.

Tangu hapo situmi jibu kabla sijapunguza maneno yaliyonukuliwa. Naacha mstari ninaoujibu tu, na jibu langu linakaa chini yake:

> Karatasi ni ya gramu ngapi?

Gramu 150, ya kung'aa.

> Mzigo utakuwa tayari lini?

Ijumaa, saa nne asubuhi.

Hata aliyeingia kwenye mazungumzo leo anaelewa. Ushauri huu ni wa siku nyingi: mwongozo wa adabu za intaneti wa Oktoba 1995, RFC 1855, ulishawaambia watu wanukuu kiasi cha kumwezesha msomaji kujua wanajibu nini.

Ofisini natumia Thunderbird, programu ya barua pepe, na humo kuna njia rahisi kuliko kufuta. Tia rangi kwa mausi (yaani chagua) sentensi unayotaka kuijibu, ndipo ubofye kitufe cha kujibu. Itanukuliwa hiyo peke yake. Kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya uandishi, chagua jibu lianzie chini ya nukuu.

Ninachokipenda zaidi ni ule mstari unaotangulia nukuu, unaotaja nani aliandika. Kwangu ulikuwa unakuja kwa Kiingereza, na tarehe juu yake. Niliingia kwenye kihariri cha mipangilio ya ndani (Config Editor), nikaipa mailnews.reply_header_type thamani ya 1, kisha kwenye mailnews.reply_header_authorwrotesingle nikaandika "#1 ameandika:". Hiyo #1 ni nafasi ya jina la mtumaji. Sasa wateja wangu wa Kiswahili wanapata barua ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho.

Kwenye Gmail ya kompyuta, mkia umefichwa nyuma ya nukta tatu chini ya jibu lako. Usipozibofya, unatuma vyote bila kuviona. Zibofye, ufute usichokihitaji. Ukibandika sentensi kutoka barua nyingine, itie rangi kisha bonyeza Ctrl+Shift+9, itakaa kama nukuu. Outlook ya kompyuta, ile ya zamani (classic), nayo kwenye chaguo za barua, inakuruhusu kuingiza nukuu ndani kidogo, kuiwekea alama mbele ya kila mstari, au kutoiweka kabisa.

Kuna barua zisizokatwa: malalamiko, makubaliano ya bei, na pale unapomwingiza mhasibu au mwanasheria anayetakiwa kuona yote yaliyosemwa.

Na unapokata, kata tu, usirekebishe. Maneno ndani ya nukuu ni ya mwenzako, hata tahajia ikiwa imekosewa. Mteja akiandika "kalenda mia tano" kwa maneno, iache hivyo hivyo, kisha chini yake uandike mwenyewe: Idadi: 500.