Jibu: Kutafsiri mwongozo wa programu na kuondoa dibaji

Ndugu yangu wa Masasi, umeuliza kama unaweza kutafsiri mwongozo wa programu ya kompyuta, kuitoa dibaji yake na kubadili mifano yake ya ngano. Kutafsiri mwongozo wenye leseni ya GFDL (leseni huru ya nyaraka ya GNU) ili ufundishe makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya masoko ya mazao) kunaruhusiwa, hata kuuza nakala ruksa, mradi tafsiri nayo ibaki na leseni hiyohiyo. Kazi iko kwenye hiyo dibaji unayotaka kuitoa. Soma tangazo la leseni mwanzoni: kama dibaji imetajwa kuwa sehemu isiyobadilishwa, huigusi. Inabaki ilivyo, Kiswahili chako unakiweka pembeni yake. Sharti la ajabu kwa kitu kinachoitwa huru! Debian, watengenezaji wa mfumo huru wa kompyuta, walipiga kura mwaka 2006, wakaikataa miongozo yenye sehemu za namna hiyo. Mifano ya ngano geuza iwe korosho, hapo huna kesi. Ukichapisha nakala zaidi ya 100 pale Mtwara mjini, pitia kwanza masharti ya leseni kuhusu maneno ya kuweka kwenye jalada.