Maswali ya wasomaji: taa zikimbie, kitufe kisomwe

*Ndugu mafundi, nimefunga mkanda wa taa za LED aina ya WS2812B wenye taa 60 kwenye kibao cha saluni, nao unaendeshwa na Arduino Uno (bodi ndogo inayopangwa kwa programu). Taa moja inakimbia toka kushoto hadi kulia. Kitufe cha kubadilisha mtindo hakiitiki mpaka nikishikilie hadi taa ifike mwisho. Nimenunua kingine, hali ni ileile. — Msomaji, Kadutu, Bukavu*

Kitufe chako cha kwanza kilikuwa kizima. Kwenye programu uliyotutumia mna `for` (amri ya kurudia) ya mizunguko 60, na ndani yake `delay(50)`, yaani subiri milisekunde 50. Zidisha: milisekunde 3,000. Kitufe kinasomwa mara moja tu, mwanzoni mwa `loop()`, sehemu ya programu inayorudiwa bila kukoma, kisha kwa sekunde tatu Uno imekwama ndani ya `for`. Kidole hubonyeza na kuachia kabla hata robo ya muda huo haijapita.

Kupunguza `delay` si dawa. Taa zitaenda mbio kuliko unavyotaka na kitufe bado kitapitwa. Ondoa `for` na `delay` zote mbili. Kihesabio cha `for` kiweke nje ya `loop()` ili thamani yake isipotee, halafu kila mzunguko wa `loop()` uulize: je, muda wa hatua inayofuata umefika? Muda unapimwa kwa `millis()`, inayohesabu milisekunde tangu Uno iwashwe. Kama bado, upite.

```
const unsigned long KASI = 50;
unsigned long zamani = 0;
byte nafasi = 0;

void loop() {
  someKitufe();
  unsigned long sasa = millis();
  if (sasa - zamani >= KASI) {
    zamani = sasa;
    mkanda.clear();
    mkanda.setPixelColor(nafasi, 255, 120, 0);
    mkanda.show();
    nafasi = (nafasi + 1) % 60;
  }
}
```

Angalia `show()`, amri inayotuma rangi kwenye mkanda, iko ndani ya `if`. Wengi huiacha nje, na Uno inatuma rangi zilezile mfululizo bila sababu. Kila taa hudai mikrosekunde 30, kwa hiyo taa 60 hula milisekunde 1.8 kila mara.

`someKitufe()` unaiandika mwenyewe. Unganisha kitufe kati ya pini 4 na GND (upande hasi wa umeme), tumia `INPUT_PULLUP`, inayoifanya pini isome `HIGH` kitufe kikiwa hakijabonyezwa. Kikibonyezwa utasoma `LOW`. Chuma cha kitufe hurukaruka kidogo kinapogusana, basi kubali badiliko pale tu hali mpya imedumu milisekunde 30, na muda huo pia upime kwa `millis()`. Ukiweka `delay(30)` hapo umerudi ulikotoka. Mtindo ukibadilika, rudisha `nafasi` kuwa 0, la sivyo mtindo mpya utaanzia katikati.

Jambo ambalo hukuuliza: waya wako mwekundu unatoka pini ya 5V ya Uno. Taa moja ikiwaka nyeupe kamili inaweza kula miliampea 60, na zote 60 ni ampea 3.6, nyingi mno kwa pini hiyo. Tafuta chaja ya 5V yenye ampea 4 au zaidi, unganisha GND yake na GND ya Uno, na weka rezista ya omu 330 kwenye waya wa data. Anayetumia betri ya sola ya 12V asishushe volti kwa 7805 (kidhibiti volti): kwa ampea moja tu inageuza wati 7 kuwa joto.

*Niliondoa delay kama mlivyofundisha. Taa zinaenda vizuri nusu dakika hivi, halafu zinaanza kukimbia ovyo. Programu hiyohiyo kwenye ESP32 (bodi nyingine) ya rafiki haina shida. — Msomaji, Bagira*

Umeandika `int zamani`. Kwenye Uno, `int` (aina ya namba nzima) huishia 32,767, yaani sekunde 32 na kitu. Ikipita hapo inageuka hasi, tofauti ya `sasa - zamani` inakuwa zaidi ya 65,000, na sharti linatimia kila mzunguko. Kwenye ESP32 `int` ina biti 32, ndiyo maana kosa limejificha. Andika `unsigned long`. Na usigeuze sharti kuwa `sasa >= zamani + KASI`: `millis()` hurudi sifuri baada ya siku 49 na saa 17 hivi, na hapo kutoa tu (`sasa - zamani`) ndiko kunakobaki na jibu sahihi.

*Rimoti ya infraredi inakubali taa zikiwa zimetulia. Zikianza kucheza, inakataa. Nimeshaondoa delay zote. — Msomaji, Ibanda*

Hapa `millis()` haina msaada. Wakati wa `show()`, Uno huzima interapti zote (ishara zinazokatiza kazi yake ili ishughulikie jambo la haraka) ili isikosee vipimo vya WS2812B, na rimoti nyingi hutuma mapigo ya mikrosekunde 560 hivi. Milisekunde 1.8 zinatosha kumeza mapigo kadhaa, na msimbo mzima wa rimoti unaharibika. Ukitumia maktaba ya IRremote, ita `show()` pale tu `IrReceiver.isIdle()` inapojibu ndiyo. Taa zitasita kidogo unapobonyeza. Usipopenda kusita huko, tumia mkanda wa APA102: una waya wa saa (ishara inayoonyesha lini data isomwe) pamoja na wa data, kwa hiyo hauhitaji interapti zizimwe. Bei yake iko juu zaidi.