Unga wa kulainisha hauongezi umri wa mtutu

SWALI: Niko Texas, napiga shabaha za mbali kwa bunduki ya 6.5 Creedmoor (aina ya risasi) na risasi najaza mwenyewe. Niliuziwa unga wa molibdeni (molibdeni disalfaidi, wa kulainisha) wa kupaka vichwa vya risasi, nikaambiwa mtutu utadumu mara mbili. Kasi imeshuka mita 15 kwa sekunde, na kila nikisafisha, risasi za mwanzo zinatawanyika. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea. Kichwa kinachoteleza hupunguza shinikizo la awali, kwa hiyo kasi hushuka. Kutawanyika kunatokana na kusugua mtutu hadi chuma kitupu: tabaka la unga limeondoka, na hujijenga upya risasi baada ya risasi. Punguza kusugua, au tumia boroni naitraidi, unga mwingine wa kulainisha, ndani ya alkoholi. Lowesha kitambaa, kipitishe mara mbili tatu, acha mtutu ukauke kabisa, kisha pitisha kitambaa kikavu.

Lakini hiyo hadithi ya kudumu mara mbili imetuchosha. Mtutu hauliwi na msuguano wa shaba inayofunika vichwa vya risasi, unaliwa na moto. Gesi ya baruti huzidi nyuzi 2,000 za Selsiasi, na molibdeni huanza kuungana na oksijeni kwenye nyuzi 350 hivi. Mbele tu ya chemba (sehemu ya mtutu inapokaa risasi), chuma huwa kigumu, hupasuka nyufa ndogondogo, kisha humeguka. Unga hauzuii hata kimoja. Creedmoor yako itakupa risasi 2,000 hadi 3,000 za usahihi mzuri. Ukitaka zaidi, punguza baruti kidogo na usipige mfululizo mtutu ukiwa moto. Faida halisi ya unga ni kupunguza shaba inayoganda ndani, basi.

Muuzaji huyohuyo atakwambia uongeze baruti kurudisha kasi. Hapo ndipo watu huumia. Vichwa vilivyopakwa vikiisha, mtu huweka vitupu juu ya kipimo kilekile, na shinikizo linaruka. Komeo (kifungio cha nyuma ya chemba) likiwa gumu kufungua au fataki (kiwashio kitakoni mwa ganda la risasi) ikibonyea bapa, acha kupiga. Andika kwenye kila boksi kama vichwa vimepakwa, na ukibadilisha, anza tena na kipimo cha chini.

Wengine hunyunyizia mafuta ya kulainisha hadi ndani ya chemba. Ganda linatakiwa kushika kuta za chemba linapotanuka. Kukiwa na mafuta, linateleza na kusukuma komeo kwa nguvu kubwa zaidi. Mafuta ni ya kuhifadhia bunduki tu, na yafutwe yote, mtutu na chemba, kabla ya risasi ya kwanza.