Jibu: Utafiti wa Aktiki si wa wataalamu wa barafu peke yao

Mkuu, umeuliza kama mtu wa baiolojia anaweza kupenya kwenye utafiti wa Aktiki, eneo la Ncha ya Kaskazini. Anapenya, tena anahitajika. Mwani unaoota chini ya barafu ya bahari hutegemea mwanga unaopenya barafu hiyo; bila mwenzako wa kupima unene wa barafu na theluji, takwimu zako ni nusu. Ndiyo maana UNIS, chuo kikuu kilichoko Longyearbyen kwenye visiwa vya Svalbard, Norwe, kinaweka baiolojia, jiolojia, jiofizikia na teknolojia pamoja. Kabla ya kwenda nyikani mnafundishwa usalama, hadi kutumia bunduki kujikinga na dubu weupe (sitanii). Ili kupata walezi wa kitaaluma wa kukuongoza, jiunge na APECS, mtandao wa wanasayansi chipukizi uliozaliwa na vuguvugu la Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia, 2007–2008. Mlezi mmoja awe wa nje ya fani yako.