Ndigana ipi?

Msomaji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, anauliza kuhusu ndigana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe: ramani ya wilaya iandikwe "mtawanyiko wa ndigana" au "usambaaji wa ndigana"?

Mtawanyiko, ikiwa ramani inaonyesha ugonjwa ulikopatikana katika kipindi kimoja. Usambaaji una mwendo ndani yake. Utumike unapoweka ramani za miaka miwili pamoja kuonyesha kata ulikoingia. Neno ramani lenyewe lililetwa na mabaharia, asili yake Kiajemi, likiwa na maana ya kuonyesha njia.

Na hiyo ndigana isiyo na kivumishi haionyeshi njia yoyote. Ndigana kali huenezwa na kupe wa kahawia anayeng'ang'ania masikioni: tezi za chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, homa hupita nyuzi 40, mwishowe povu hutoka puani. Ndigana baridi huenezwa hasa na kupe wa bluu: ufizi hupauka au kuwa wa manjano, kinyesi hukauka. Ya kwanza hutibiwa kwa buparvakuoni, ya pili kwa oksitetrasaiklini, na buparvakuoni haiponyi ndigana baridi. Kivumishi kikidondoka, kata inapelekewa dawa isiyo yake na ng'ombe wanakufa.

Tena msiniambie muktadha utaeleza! Daftari la ugonjwa mnalotolea ramani lina tarehe, kijiji na neno "ndigana", basi. Chukua ng'ombe aliyepakiwa lori Usangu akashushwa Rungwe, akaugua wiki ya pili. Ndigana kali hujitokeza baada ya wiki moja hadi tatu. Baridi huweza kuchukua wiki tatu hadi nane. Bila kujua ni ipi, utahesabuje siku kurudi nyuma hadi alipoumwa na kupe? Kiswahili kimetupa kauli ya kutendea kwa kazi hiyo: ng'ombe ameugulia Rungwe, ameambukiziwa Usangu. Hizo ni nukta mbili tofauti, nanyi mmechora moja.

Mfugaji anayekuja mbio akisema "ndigana" simlaumu, anatafuta msaada. Mwenye hadubini na rangi ya Giemsa, ya kuonyeshea vijidudu, hana udhuru: vijidudu vya kali huonekana ndani ya chembe nyeupe za majimaji ya tezi, vya baridi ukingoni mwa chembe nyekundu za damu.

Andikeni "Mtawanyiko wa ndigana kali, Rungwe", na mwaka. Ndigana baridi ipewe ramani yake. Yale ya daftari yasiyofafanuliwa yapakeni kijivu, na ufunguo useme wazi: aina haikuthibitishwa.