Pembe moja imepinda na mguu uliwahi kuvunjika: huyu kulungu alikuwa mbegu mbaya?

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi ni mtu wa Kigoma ila niko huku Wisconsin, Marekani, mwaka wa sita sasa, nafanya kazi kiwandani. Mwezi wa 11 jamaa wa kazini walinichukua kwenda kuwinda, ndo mara yangu ya pili, nikapata dume kubwa tu la hawa kulungu wa mkia mweupe. Sasa pembe ya kulia iko poa ina matawi manne, ya kushoto ni kama kijiti kimepinda kikashukia jichoni. Tulipomchuna tukakuta mguu wa nyuma wa kulia uliwahi kuvunjika ukaunga vibaya, una fundo kama ngumi. Halafu kwenye mnofu wa mgongoni kuna kitu kigumu, kukata ndani ni kipande cha chuma cha mshale! Jamaa wanasema huyo alikuwa mbegu mbaya, nimefanya vizuri kumtoa. Ni kweli? Na nyama je, maana mke wangu amegoma kuipika.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa windo. Nianze na hilo la mbegu maana kila msimu nalisikia na kila msimu linanikera. Hapana. Huyo dume alivunjika mguu, basi. Soma tena ulivyoandika mwenyewe: mguu wa nyuma wa KULIA, pembe ya KUSHOTO. Ungenitajia pembe peke yake bila kugusia mguu, mimi ndo ningekuuliza habari za mguu.

Sisi tuliokulia na ng'ombe na mbuzi hizi pembe zinatuchanganya. Pembe ya ng'ombe ina ganda la nje kama kucha, inakua naye maisha yote, ikikatika imekatika. Hata kulungu wetu wa nyumbani, yule mwenye pembe za kusokota, yuko kundi hilohilo, jina tu ndo wanagongana na huyu wa huku. Pembe ya huyu ni mfupa mtupu na inadondoka kila mwaka, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, halafu mwezi wa 4 inaanza kuchipua upya, imefunikwa ngozi laini yenye manyoya na damu inapita humo (wawindaji wanaiita velveti), ikifika mwezi wa 8 imemaliza kukua na mwezi wa 9 anaenda kuisugua kwenye miti mpaka ile ngozi ibanduke. Kwa hiyo ndani ya miezi minne mitano mnyama anajenga mfupa mzima kuanzia sifuri, na majani anayokula hayatoshi, inabidi akope madini kwenye mifupa yake mwenyewe, mbavu zikiwemo, aje kulipa baadaye. Sasa chukua mnyama aliye kwenye deni hilo umvunje na paja, mfupa uliovunjika nao unadai madini hayohayo, anatembea kwa miguu mitatu, hali vizuri, unategemea pembe itoke nzuri?

Ila hiyo ingeeleza pembe zote mbili kuwa dhaifu, haielezi kwa nini moja tu, tena ya upande wa pili. Kwa mguu wa nyuma ndivyo inavyokuwa mara nyingi sana: umeumia kulia, inaharibika ya kushoto. Mguu wa mbele hautabiriki hivyo, mara nyingi ni upande uleule lakini usiweke dau. Sababu yenyewe wataalamu bado wanavutana, kuna wanaosema ni mambo ya mishipa ya fahamu na kuna wanaosema ni namna mnyama anavyoegemeza mwili. Kinachojulikana vizuri ni kwamba ulemavu wa aina hii unaweza kujirudia mwaka hadi mwaka hata mguu ukishaunga, ndo maana watu wanaona dume lilelile na pembe mbovu ileile miaka mitatu wanahitimisha ni ukoo. Tofauti na pembe iliyogongwa ikiwa bado laini, hiyo mara nyingi inaharibika mwaka huo tu, mwakani anatoka na pembe safi kama hakuna kilichotokea.

Kuna kisababishi kingine ambacho inabidi ukiangalie kwa macho yako, nacho ni shina la pembe, ile sehemu ya fuvu inapootea. Akiumia hapo ulemavu mara nyingi ni wa kudumu. Madume wanapigana, wanasugua miti, ngozi inachanika, bakteria wanaingia, yupo mmoja anaitwa Trueperella pyogenes ndo mwenyeji wa hayo majeraha, anakula mfupa taratibu mpaka usaha unafika kwenye ubongo. Mnyama wa hivyo utamkuta anazunguka mahali pamoja, haoni, haogopi watu. Nimewahi kushika fuvu ambalo kidole changu cha shahada kilizama kwenye shina la pembe kikatokea ndani, na aliyemuua huyo mnyama alikuwa ameshalitengea nafasi ukutani.

Kuhusu kuua ili kusafisha ukoo, fikiria kidogo: nusu ya urithi wa pembe inatoka kwa mama, na mama hana pembe, utamchagua kwa kigezo gani? Huko Texas watafiti walijaribu kweli, miaka kadhaa wakawa wanawatoa madume wenye pembe dhaifu kwenye eneo kubwa, na pembe za waliofuata hazikuwa bora. Kwa hiyo jamaa zako waambie umeua dume kwa sababu una leseni na una friza, inatosha.

Mguu sasa. Watu wanashangaa mfupa unaungaje bila plasta wala daktari. Mnyama analala sana, mguu anauning'iniza, misuli ya paja inabana vile vipande, na mwili unamwaga mfupa mpya mwingi kuzunguka pale, ndo hilo fundo ulilolikuta. Vipande vikipandana mguu unakuwa mfupi lakini anaishi. Kilichomvunja siwezi kukuapia, ila huku magari yanagonga wanyama zaidi ya mara milioni moja kwa mwaka nchi nzima, na nyaya za uzio nazo zinanasa mguu wa nyuma mnyama akiruka. Risasi pia. Kama miguu bado hujaitupa, angalia kwato: ule mbovu utakuta kwato imerefuka kwa sababu haisuguliki ardhini, wa pili wake kwato imetanuka kwa kubeba mzigo wa wawili. Ukikuta miguu yote minne kwato zina mstari au zimepasuka zinabanduka, hiyo ni hadithi nyingine kabisa, huyo aliwahi kuugua EHD, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na visubi mwishoni mwa kiangazi cha huku, unaua wengi, na wanaopona kwato zinabaki na alama ya kipindi ziliposimama kukua. Binadamu haumpati.

Ugonjwa huohuo unaweza kuharibu korodani, na hapo unapata lile dume ambalo pembe zake zimejaa vinundu kama mmea wa miiba na velveti haibanduki hata mwezi wa 12. Bila testosteroni, ile homoni ya kiume, pembe haikomai. Wengine wanazaliwa korodani hazijashuka, matokeo yanafanana. La kwako velveti ilikuwa imeshabanduka? Kama ndiyo, hilo halimhusu.

Tuje kwa shemeji. Kipande cha mshale kilichozungukwa na kifuko kigumu kama gegedu, bila usaha, bila harufu, ni jeraha lililopona zamani, mwili ulishindwa kukitoa chuma ukakijengea ukuta. Unakata kile kifuko na nyama ya pembeni yake kidogo, unatupa, mnofu uliobaki ni chakula. Muhimu zaidi ni vidole vyako, zile ncha ni wembe na hazibutuki kwa kukaa mwilini, na kama imepatikana moja papasa polepole kabla hujakata tena. Ungekuta usaha wa kijani au wa njano ungekata eneo kubwa zaidi, na majipu yakiwa mengi mwilini, au tezi zimevimba, au nyama inanuka, tupa mnyama mzima usimwonee huruma. Siku ukikuta vinundu vyeusi visivyo na manyoya vimeshika ngozi tu usihangaike, hivyo ni vya virusi vyake, vinaondoka na ngozi wakati wa kuchuna.

Lakini kitu ambacho ningekaa upande wa shemeji hujakigusa hata kidogo. Wisconsin kuna ugonjwa wa kulungu unaoitwa CWD, ulionekana mara ya kwanza kwenye kituo cha utafiti cha Colorado mwaka 1967 na huko kwenu ukagunduliwa 2002. Ni protini iliyoharibika inayoua ubongo polepole, na mnyama anaweza kuwa nao huku amenona, hana kovu wala kilema, kwa hiyo huwezi kumjua kwa kumtazama. Mpaka leo haijathibitika kuwa binadamu ameupata, lakini CDC, wale wa serikali ya Marekani wanaodhibiti magonjwa, wanashauri mnyama apimwe na akiwa nao asiliwe, na kupika hakuui hiyo protini. Idara ya maliasili ya jimbo wanapima bure, wanachukua tezi za limfu za kooni. Kama kichwa bado unacho kipeleke hata kesho, nyama iache friza mpaka majibu yatoke, ifunge peke yake isichanganyike na ya mwenzako, na mshike shemeji mkono kwamba majibu yakiwa safi atakupikia.

Kichwa wakikurudishia na majibu ni mazuri, chemsha fuvu taratibu, usiliache litokote sana meno yatadondoka, ukishalisafisha linganisha mashina mawili ya pembe. Yakiwa sawasawa, laini, ya mviringo, mimi nashikilia jibu langu kwamba ni ule mguu. Ukiona moja lina vishimo au limemomonyoka, nitumie picha tuanze upya.